Mguu Mweupe wa Farasi wa Baba

Baba yangu alikuwa saisi, mtunza farasi, na katika Kilwa Kivinje ya utoto wangu kazi hiyo ilikuwa na watu watatu au wanne tu. Farasi wenyewe hawakuwa wengi. Bara kulikuwa na mbung'o, na farasi aliyepelekwa huko alikonda, akavimba miguu, akafa. Waliobaki walifugwa mjini, na walifugwa kwa fahari zaidi kuliko kwa kazi. Bwana wake baba, mfanyabiashara mzee wa nyumba ya kale karibu na forodha, alikuwa nao sita.

Baba aliletwa Kivinje akiwa mtoto mdogo, katika misafara ile iliyotoka bara na ambayo watu wa rika langu hatupendi kuizungumza. Akanunuliwa, akatiwa bandani, akakua humo. Mimi nami nilizaliwa nyuma ya banda hilo hilo. Mama alifariki nikiwa bado nashika upindo wa nguo yake, na baba hakuwa na mtu wa kuniachia, basi kila alfajiri alinichukua tukaenda kuwasugua farasi kwa makumbi ya nazi.

Alinifundisha rangi kabla sijajua herufi hata moja.

"Huyu rangi gani?" aliniuliza.

"Mwekundu."

"Na huyu wa pili?"

"Mwekundu."

"Basi hujaona kitu. Tazama tena."

Nikatazama tena, na kweli sikuona kitu. Wote wawili walikuwa wekundu kama udongo wa kichuguu baada ya mvua. Akanishika mkono, akaupitisha kwenye singa za shingo ya wa kwanza, halafu kwenye mkia, halafu akaniinamisha hadi miguuni. Yule alikuwa mwekundu kila mahali, singa zake nyekundu, miguu yake myekundu. Tukahamia kwa wa pili. Mwili wake ulikuwa ule ule, lakini singa zilikuwa nyeusi, mkia mweusi, na miguu yake ilikuwa myeusi kuanzia magoti kwenda chini, kana kwamba alisimama kwenye tope la mikoko. Hata ukingo wa masikio ulikuwa na uzi mweusi.

"Huyu wa kwanza ni mwekundu mtupu," baba akasema. "Huyu wa pili ni mwekundu wa ncha nyeusi. Mtu akikuambia ni rangi moja, jua hajawahi kusugua farasi."

Tangu siku hiyo nilikuwa nawatazama ncha kwanza, mwili baadaye. Nilijifunza kwamba jua la kiangazi hupausha singa nyeusi hadi zikafanana na nyekundu, na hapo lazima uzifunue uone mzizi wake. Nilijifunza kwamba alama nyeupe ya farasi haikai kwenye nywele peke yake: chini yake ngozi ni ya waridi, na mguu ukiwa mweupe hadi chini, ukwato wake nao huwa mweupe. Farasi huzeeka, hupauka, hunenepa na kukonda, lakini baka lake jeupe hufa nalo.

Jambo jingine baba aliligundua mwenyewe, kwa kukaa miaka mingi bandani na kuwapokea watoto wa farasi kwa mikono yake. Wekundu watupu wawili, alisema, hawajapata kumzaa mwenye ncha nyeusi. Hata mara moja. Wa ncha nyeusi wawili waliweza kumzaa mwekundu mtupu, na yeye alishaona hivyo mara mbili. Lakini kinyume chake, kamwe.

"Kwa nini?" niliwahi kumwuliza.

"Sijui kwa nini. Ninachokijua ni kwamba wekundu unaweza kujificha ndani ya weusi, ukatokea kwa mtoto. Weusi haujui kujificha ndani ya wekundu. Ukiwapo utauona."

Bwana wake alipougua ugonjwa wake wa mwisho, alimwita kadhi na mashahidi, akamwacha baba huru, akamwusia na farasi mmoja. Alikuwa jike changa, mwekundu mtupu, mguu wa nyuma wa kushoto mweupe kuanzia kifundoni hadi ukwatoni. Wana wa marehemu hawakuipenda habari hiyo. Mtu huru wa juzi, na farasi? Lakini wasia uliandikwa, na kadhi hakuwa mtu wa kuchezewa. Baba alimtoa jike yule bandani asubuhi, akamleta kwenye kibanda chetu cha makuti, akamfunga mlangoni. Halafu akakaa chini mbele yake siku nzima bila kufanya chochote. Nilikuwa msichana mkubwa wakati huo, na sikuwahi kumwona baba akikaa bila kazi.

Miaka ikapita. Niliolewa, nikafiwa na mume, nikarudi kwa baba. Macho yake yakaanza kuingia ukungu, kisha yakafunga kabisa. Mimi nikashika kazi ya kupamba maharusi: kuwapaka hina na piko nyeusi mikononi na miguuni, kuwasuka, kuwafukiza udi. Ilitulisha sisi wawili na farasi. Baba aliendelea kumsugua jike wake kwa kupapasa, na aliujua mwili wake kuliko mimi niliyekuwa na macho.

Mwaka wa vita ya maji, jike huyo alikuwa na mimba. Wana wa marehemu bwana walikuwa na dume wa ncha nyeusi, farasi mzuri sana, na baba aliwaomba, wakakubali. Mimba ilikuwa ya miezi miwili tu habari zilipofika kwamba Wamatumbi wameng'oa pamba ya serikali. Baada ya hapo kila siku ilikuja na habari yake. Vijiji vikawaka. Watu wakaingia mjini na vifurushi vyao vichwani, wengine bila kitu. Askari wakaja, wakapita mtaa kwa mtaa wakichukua kila mnyama anayeweza kubeba mtu au mzigo: punda, nyumbu, na farasi wote wa Kivinje.

Ofisa aliyekuja kwetu alikuwa na karani. Baba alisimama mlangoni akiwa ameshika kamba ya jike.

"Utarudishiwa vita ikiisha," karani alisema. "Nimeandika hapa. Farasi jike mwekundu, mguu wa nyuma wa kushoto mweupe."

"Andika pia kwamba ana mimba," baba akasema.

"Hakuna nafasi ya kuandika mimba."

Akampa baba karatasi ile, akaichukua kamba. Baba alisikiliza kwato hadi zikapotea, ndipo akaingia ndani.

Sitasimulia vita yenyewe. Waliokuwa bara wana haki zaidi ya kuisimulia. Kwetu mjini ilikuwa njaa, na hofu ya boma, na wanaume waliokamatwa wakapelekwa tusiwaone tena. Mwaka uliofuata, mapigano upande wetu yalipokwisha tulia, mwendesha punda mmoja aliyekuja na msafara wa chumvi kutoka Lindi alituambia ameona farasi watatu wa Kivinje kwenye boma la Lindi, wengine wote wamekufa. Mmoja wa hao watatu alikuwa jike mwekundu, na alikuwa na mtoto.

"Mguu wake?" baba aliuliza.

"Sikuutazama mguu, mzee."

Baba alinigeukia kama vile ananiona. "Tunakwenda Lindi," akasema.

Tulikwenda na msafara ule uliporudi. Baba alipanda punda, mimi nilitembea. Kabla ya Kiranjeranje tulipita mashamba ambayo yalikuwa majivu tu, yenye miche michache ya mtama iliyojiotea. Hapo Kiranjeranje mwanamke mmoja alitupa maji na akaomba radhi kwamba hana zaidi ya maji. Baba hakulalamika njia nzima. Aliniuliza tu mara kwa mara tumefika wapi.

Lindi tulifikia kwa mjane mmoja, binamu wa marehemu mume wangu. Kesho yake tukaenda bomani. Aliyesikiliza mashauri alikuwa Mjerumani mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye watu walimwita Bwana Shauri tu. Alizungumza Kiswahili vizuri, polepole, kama anayehesabu ngazi gizani. Aliichukua karatasi yetu, akaisoma, akaagiza jike aletwe uani.

Nilimjua alipotokea tu. Alikuwa amekonda, na nyuma yake alifuata mtoto wa mwezi mmoja hivi, miguu mirefu kama vijiti vya kuangulia maembe. Baba aliposikia hatua zake aliita kwa mluzi wake wa bandani, na jike akanyoosha shingo, akaja moja kwa moja hadi akamgusa kifuani kwa pua.

"Ni huyu," baba akasema.

"Farasi humwendea yeyote aliyewahi kumpa chakula," Bwana Shauri alisema. "Nasoma hapa mguu wa nyuma wa kushoto mweupe. Farasi huyu miguu yake yote ni myekundu. Na tayari ana mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa amekaa barazani, tajiri wa Lindi aliyenunua mpira na pembe, mtu mnene mwenye joho la kupendeza. Naye alikuwa amechukuliwa jike wakati wa vita, na karatasi yake ilisema farasi jike mwekundu, hana alama. Jike mmoja mwekundu amebaki hai, wa pili amekufa njiani. Wa tajiri ni huyu asiye na alama. Wetu ndiye aliyekufa. Bwana Shauri aliyasema hayo bila hasira na bila huruma, akaanza kuikunja karatasi yetu.

Mimi sikuwa namsikiliza tena. Nilikuwa nautazama mguu ule wa nyuma. Ulikuwa mwekundu, ndiyo. Lakini ukwato wake ulikuwa mweupe kama ukucha wa mtu, na kwato nyingine tatu zilikuwa nyeusi. Na wekundu wenyewe niliufahamu. Nilikuwa nimeupaka mikononi mwa maharusi kwa miaka tisa.

"Bwana mkubwa," nilisema, "naomba ruhusa nimshike farasi mguu."

Tajiri akacheka. "Mwanamke atapigwa teke hapa, kisha tulaumiwe."

"Mwacheni," Bwana Shauri akasema.

Nikapiga goti. Jike hakujisogeza, mikono yangu aliijua. Nikazifunua nywele kwa kucha, kama ninavyofunua njia za nywele za mwari, na pale kwenye ngozi, kwa upana wa punje ya mchele, zilikuwa nyeupe pe. Nje nyekundu, ndani nyeupe. Nikaomba maji. Msimamizi wa zizi, askari mzee, alileta kata. Nikaulowesha mguu, nikazilaza nywele huku na huku, na ngozi ya waridi ikaonekana kwa kila mwenye macho.

"Hii ni hina, bwana mkubwa," nikasema. "Wameichanganya na piko kidogo ili isiwake sana. Hina ikipakwa kwenye nywele haitoki, lakini nywele zinaota na kuiacha. Hapa zimeota kiasi cha wiki tatu au nne. Ngozini imekwisha toka, ndiyo maana mnaiona waridi. Na ukwato hawakuukumbuka kabisa. Njoo uone mguu wa kulia. Ngozi yake nyeusi, ukwato wake mweusi."

Bwana Shauri alishuka ngazi mwenyewe. Alichuchumaa karibu nami, jambo ambalo sikuwahi kumwona Mjerumani akilifanya, akazifunua nywele kwa vidole vyake. Baba alikuwa ameshika kichwa cha jike, midomo yake ikitikisika kwa dua.

Tajiri hakuwa mjinga. Alisimama, akarekebisha joho lake.

"Sina siri," akasema. "Farasi wangu alijeruhiwa na kamba mguu ule, akaota nywele nyeupe. Saisi wangu alipokuja kumtazama hapa alimpaka hina ili apendeze. Jeraha hugeuza nywele, kila mtu anajua. Na kama mna shaka, mtazameni mtoto. Jike wangu alipandwa na dume langu kabla ya vita. Lindi nzima inalijua dume langu."

Maneno ya jeraha yalimfanya Bwana Shauri asite. Kweli jeraha hugeuza nywele, hata mimi nimewahi kuona. Angeweza kusema shauri limekwisha pale pale. Nikamtazama yule mtoto aliyekuwa akinyonya. Mwekundu mwepesi, miguu yake imepauka, karibu ya rangi ya maziwa yaliyotiwa chai. Mtu yeyote angesema mwekundu mtupu. Nikasogea. Ukingo wa sikio lake ulikuwa na uzi mweusi. Nikaushika mkia wake mfupi wa pamba, nikaufunua katikati, na ndani kulikuwa na singa chache nyeusi kama sindano.

Nikajilazimisha kuongea polepole.

"Dume lako ni lipi, bwana?" nilimwuliza tajiri.

"Lile jekundu. Hakuna dume jingine Lindi."

"Lina weusi mahali popote? Mkiani, miguuni?"

"Halina hata unywele mmoja mweusi," akasema kwa fahari. "Ni jekundu kama dhahabu. Siku ya Idi watu hutoka majumbani kulitazama."

"Na farasi wa hapa bomani?" nikamwuliza msimamizi wa zizi.

"Wa hapa wamehasiwa wote."

Nikamgeukia Bwana Shauri. "Bwana mkubwa umesikia. Jike huyu ni mwekundu mtupu, sote tumekubaliana. Dume la bwana huyu ni jekundu tupu, kasema mwenyewe. Wekundu watupu wawili hawazai mtoto wa ncha nyeusi. Na mtoto huyu ni wa ncha nyeusi."

Tajiri alicheka kwa sauti. "Nyeusi iko wapi? Miguu yake ni myeupe kuliko kanzu yangu."

"Manyoya aliyozaliwa nayo yanadanganya," nikasema. "Yatapukutika. Yakipukutika, miguu yake itatoka myeusi, na singa zitatoka nyeusi. Baba yake ni dume la ncha nyeusi la Kivinje, lililompanda jike huyu kabla hajachukuliwa."

Bwana Shauri alinigeukia. "Kwetu nimekua na farasi," alisema. "Jambo hili sijalisikia. Nani alikufundisha?"

"Baba yangu."

"Na yeye?"

"Farasi," baba akajibu mwenyewe.

Bwana Shauri alirudi barazani, akaandika kitu. Jike na mtoto watabaki bomani, alisema, hadi manyoya yapukutike. Miguu ikitoka myeusi, ni wetu. Ikitoka myekundu, ni wa tajiri, na mimi nitajibu kwa kumsingizia mtu mbele ya serikali. Hakusema nitajibu vipi. Hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Tulikaa Lindi miezi miwili na siku kadhaa. Niliwapamba maharusi wa huko. Hata katika njaa ile watu walioana, na mara nyingi walinilipa kwa mihogo. Kila asubuhi nilimshika baba mkono tukaenda hadi ua wa boma, na msimamizi wa zizi, ambaye alianza kutupenda, alituruhusu kusimama kando ya boriti za zizi.

"Ikoje miguu?" baba aliniuliza kila siku.

"Bado."

Wiki za kwanza ilizidi kupauka. Nilianza kulala vibaya. Je, ule uzi wa sikioni ulikuwa kivuli tu? Nilimwambia baba hofu yangu, na nilitaraji anibembeleze. Hakunibembeleza. Alikasirika.

"Uliona nyeusi au hukuona?"

"Niliona."

"Basi nyamaza ungoje. Umetoa neno mbele ya watu, usilirudishe tumboni."

Mjini habari ilienea. Watu waligawanyika, wengine upande wa tajiri, wengine upande wa mpaka hina wa Kivinje, kama walivyoniita. Wanawake walinisimamisha kisimani kuniuliza kama ni kweli mtu anaweza kuijua rangi ambayo haijatoka. Wakulima waliokuja kutoka Milola kuuza mihogo walipita bomani kumchungulia mtoto wa farasi kabla ya kurudi kwao. Nadhani baada ya mwaka ule wa maiti na majivu watu walikuwa na njaa ya shauri ambalo mwisho wake haungekuwa kamba ya kunyongea.

Asubuhi moja, jua ndiyo kwanza linapanda, mtoto alikuja mbio kwenye boriti. Kwenye goti lake la kushoto manyoya yalikuwa yamepukutika kiasi cha kiganja. Chini yake palikuwa peusi, peusi pa kung'aa, kama chungu kilichotoka jikoni.

Baba akanikamata bega. "Ikoje?"

"Myeusi," nikasema. "Baba, ni myeusi."

Aliachia pumzi ambayo nadhani aliishika tangu Kivinje. Akaniomba nimwongoze mkono. Mtoto alikuwa ameshatuzoea. Alisimama, na baba akalipapasa goti lile. Bila shaka hakuweza kuhisi rangi kwa vidole. Alilipapasa hivyo hivyo, akicheka kimya kimya.

Bwana Shauri hakuharakisha. Alingoja siku kumi nyingine, hadi miguu yote minne ilipokuwa myeusi na shingoni singa nyeusi zimesimama wima kama brashi. Wakati huo huo mguu wa nyuma wa jike ulikuwa umeota nywele zake, na hina imebaki ncha tu. Msimamizi wa zizi aliikata kwa mkasi mbele ya baraza, na mguu ukabaki mweupe kama alivyouandika karani. Ua ulijaa watu. Tajiri alitumiwa mtu wa kumwita, akatuma neno kwamba ana homa.

"Andika," Bwana Shauri alimwambia karani wake. "Jike mwekundu, mguu wa nyuma wa kushoto mweupe. Na mtoto dume, mwekundu wa..." Akanitazama.

"Wa ncha nyeusi," nikasema.

"Wa ncha nyeusi," akarudia, na karani akaandika hivyo hivyo, maneno ya baba yangu, kwenye daftari la serikali. Hakutuomba radhi kwa kuikunja karatasi yetu siku ile ya kwanza, wala sikutazamia. Lakini watu waliokuwa uani walipiga vigelegele, na askari hawakuwazuia.

Tulirudi kwa miguu. Baba alikataa kupanda punda. Alishika kamba ya jike, mimi nikatembea mbele kidogo nikimwambia mashimo yalipo, na mtoto alikimbia huku na huku akila machipukizi ya majani. Mahali mvua ilikwisha anguka, mashamba yalianza kuwa ya kijani.

Tuliingia Kivinje mchana, wakati maduka yako wazi. Ningeweza kumpitisha njia ya nyuma, lakini baba alisema, "Pitia barabara kubwa." Watu wakatoka nje. Watoto wakatufuata. Tulipofika usawa wa ile nyumba ya kale karibu na forodha, mwana mkubwa wa marehemu bwana alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama jike, kisha mtoto, singa nyeusi za dume lake mwenyewe. Siku zile shikamoo haikuwa ya umri tu. Mtumwa alimwamkia bwana, na aliyezaliwa mtumwa aliendelea kuwaamkia wana wa bwana hata akiwa na mvi, hata akiwa huru. Baba alikuwa amemwamkia kijana yule tangu akibebwa mgongoni.

Safari hii baba hakumwamkia. Alisimama tu, kamba mkononi, uso wake umeelekea mahali aliposikia mlango.

Yule mtu alikohoa.

"Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba," baba akajibu, kwa utulivu, kama mtu aliyeitikia hivyo maisha yake yote. "Mtoto wa dume lenu huyu. Njooni mtutembelee mmwone vizuri."

Tukaendelea hadi nyumbani. Nikamfunga jike mlangoni, nikaenda kumchotea maji.